Bomba la PVC kwa samani nyepesi na mapambo: linapofaa na linapokwama

Kwa fremu nyepesi isiyoshika kutu, isiyoliwa na mchwa na inayokatwa kwa msumeno wa chuma juu ya meza yoyote, bomba gumu la PVC halina mshindani wa karibu. Stendi ya maua, kitundikio cha taulo, rafu ya viatu, fremu ya kivuli bustanini, stendi ya kitambaa cha kupigia picha: hapo linastahili alama za juu. Kwa rafu ndefu ya vitabu au kiti cha mtu mzima, rudi kwenye mbao au chuma. Plastiki iliyobebeshwa mzigo usioondoka huendelea kupinda polepole kwa miezi, hata kama siku ya kwanza ilionekana imenyooka.

Lawama kubwa dhidi ya bomba hili ni sura. Mtu huitazama kazi na mara moja hukumbuka bafu. Lawama hiyo mara nyingi ni ya haki, lakini mkosaji si bomba. Ni maandishi ya kiwandani yaliyoachwa ubavuni, michirizi ya praima ya zambarau (kimiminika kinachopakwa kabla ya gundi), kona zilizounganishwa kwa vipande vitatu badala ya kimoja, na pembe zilizokataa kukaa mraba. Yote manne yana dawa.

Tuanze na ununuzi, maana dukani kuna mabomba manne yanayofanana kwa mbali. La kuchukua ni bomba la maji ya shinikizo. Lile lenye alama SCH 40, yaani daraja la unene wa ukuta, la inchi moja lina kipenyo cha nje cha milimita 33.4 na ukuta wa milimita 3.4, la robo tatu ni 26.7 kwa 2.9, la nusu inchi ni 21.3 kwa 2.8. Mabomba ya mfumo wa milimita hutajwa kwa kipenyo halisi cha nje, yaani 20, 25, 32, 40 na kuendelea, na unene wa ukuta hufuata daraja la shinikizo. La 32 lenye alama PN 16 lina ukuta wa milimita 2.4 hivi, kwa hiyo ni laini kidogo kuliko la inchi moja ingawa mkononi yanaonekana ndugu. "Nusu inchi" ni jina tu. Ukilipima bomba hilo nje au ndani hutapata milimita 12.7 popote. Na mifumo hii miwili haioani. Bomba la 21.3 haliingii kwenye soketi (tundu la fitingi, yaani kiungio, linalopokea bomba) ya 20, na la 20 hucheza ndani ya soketi ya nusu inchi, wala gundi haitaziba pengo hilo kwa uimara wa kuaminika. Jaribisha bomba ndani ya fitingi kabla ya kulipa.

Bomba la kupitishia nyaya za umeme ni jembamba na linapindika kirahisi. Lifurahie kwenye matao, mashada na fremu za picha, lakini lisibebe kitu. Bomba la maji taka, hasa la milimita 110, lina ukuta mwembamba ukilinganisha na ukubwa wake. Hilo ni chombo, si mguu wa meza. Likatwe kuwa vyungu vya kuning'iniza, pete za rafu ya ukutani au gamba la taa. Bomba la nne ni PPR, la kijani, kijivu au jeupe, ambalo huunganishwa kwa kuyeyushwa na mashine ya joto. Gundi ya PVC haishiki hapo hata kidogo, na anayelinunua kwa kulidhania ni PVC hugundua pale kiungo kinapochomoka mkononi siku ya pili.

Kuna pia bomba lililotengenezwa mahsusi kwa samani. Halina maandishi, uso wake unang'aa, limechanganywa na kinga ya jua, na hupatikana kwa rangi kadhaa. Ni zuri, ila si la lazima. Kinacholeta tofauti ya kweli ni fitingi zake: kona ya njia tatu, ya njia nne, ya njia tano, tii (kiungio cha umbo la T) inayoteleza juu ya bomba bila kulikata, na kofia inayozama ndani ya ncha badala ya kuivaa. Fitingi za mabomba ya maji hazikubuniwa kwa ajili ya masanduku, kwa hiyo kona yenye matundu matatu ya kuchomeka ni adimu, na nyingine unayokuta ina tundu moja lenye nyuzi za kuskrubia linalodai adapta. Fundi huishia kuunganisha tii, elbo (kona ya njia mbili) na kipande kifupi katikati. Matokeo yake mihimili haikutani mahali pamoja: mmoja hukaa sentimita kadhaa juu ya mwenzake, na jicho hutambua kasoro hata kama halijui jina lake. Kama bajeti inabana, nunua bomba la kawaida la maji na uweke pesa kwenye fitingi za samani za ukubwa huohuo. Kinyume chake, yaani bomba la samani kwenye fitingi za maji, ni matumizi mabaya.

Kuhusu ukubwa, kosa la kawaida ni kuchagua nusu inchi kwa sababu inaonekana maridadi. Ugumu wa bomba hupanda haraka sana kipenyo kinapoongezeka: SCH 40 la inchi moja hupinga kupinda mara tano hivi ya la nusu inchi. Mhimili wa mita moja wa bomba la inchi moja, ukiwa umeegemea ncha zake mbili na kubeba kilo 10 zilizotandazwa sawasawa, hushuka katikati kwa karibu milimita 12. Ule wa nusu inchi hushuka zaidi ya milimita 60, na hapo ni siku ya kwanza tu. Habari njema ni kwamba umbali kati ya miguu una nguvu kuliko kipenyo: ukiupunguza kwa nusu huku mzigo ukibaki uleule, mteremko hupungua mara nane. Kwa hiyo usikimbilie bomba nene kabla ya kufikiria mguu wa katikati. Kama mguu hauwezekani, ingiza fito ya mbao ndani ya bomba. Tundu la SCH 40 la nusu inchi lina milimita 15.8, na fito ya milimita 15 huingia vizuri na kuondoa sehemu kubwa ya ulegevu.

Sasa vipimo, mahali kazi nyingi huharibikia. Soketi ya fitingi si silinda iliyonyooka. Hubana kadiri unavyoingia ndani. Bomba kavu likisukumwa kwa mkono husimama kati ya theluthi moja na theluthi mbili ya kina. Likipakwa gundi, uso hulainika na bomba huteleza mpaka mwisho. Soketi ya inchi moja ina kina cha milimita 22 hivi, kwa hiyo kila kiungo kikavu kinaweza kuongeza milimita 7 hadi 15 ambazo baadaye zitatoweka. Fremu iliyosimamishwa kavu na kupimwa kwa futi ni ndefu kuliko itakavyokuwa. Anayesimamisha kavu, akapima uwazi uliobaki na kukata kipande cha mwisho kwa kipimo hicho, hupata mstatili wenye upande mmoja mrefu, kisha humlaumu muuza fitingi.

Dawa ni kuacha kupima fremu na kupima fitingi. Chukua kona moja, ingiza rula ndani ya soketi hadi kwenye kizuizi, kisha tafuta umbali kutoka kizuizi hicho hadi uso wa nje wa upande wa pili wa kona. Umbali huo ukatwe mara mbili kutoka urefu wa nje unaoutaka. Kinachobaki ndicho urefu wa bomba.

Chukua stendi ya maua yenye umbo la sanduku, upana wa nje milimita 600, kina 300 na kimo 700, kwa bomba la inchi moja. Tuseme umbali wa kona uliopima ni milimita 37. Mara mbili ni 74. Utakata vipande 4 vya milimita 526, vipande 4 vya 226 na vipande 4 vya 626. Jumla ni milimita 5,512, na kona za njia tatu ni 8. Bomba moja la mita 6 linatosha na kubakiza karibu nusu mita, hata ukihesabu milimita 2 zinazoliwa na msumeno kila mkato. Ukinunua mabomba ya mita 3, toa vipande vyote vya 626 na viwili vya 226 kwenye bomba la kwanza, halafu vilivyobaki kwenye la pili. Mabomba peke yake yatakuwa na uzito wa kilo mbili na nusu hivi, kwa hiyo stendi hii itayumba ikiwa tupu. Jaza mchanga mkavu kwenye mihimili ya chini; mita moja ya bomba la inchi moja hubeba karibu kilo moja. Juu laza ubao wa plaiwudi. Vyungu vikiwa vizito, kata mhimili mmoja wa juu wa mbele na mmoja wa nyuma katikati, weka tii na kipande cha kuvuka chini ya ubao. Kumbuka kwamba tii nayo hula urefu, kwa hiyo ipime vilevile kama ulivyopima kona kabla ya kukata.

Kukata kwenyewe ni rahisi. Msumeno wa chuma wenye meno madogo pamoja na kisanduku cha kuongozea msumeno hutoa ncha iliyo mraba. Mkasi wa bomba ni wa haraka na hauachi vumbi, lakini huponda bomba jembamba kuwa yai na hupasua bomba lililozeeka juani au lililo baridi. Kama huna kisanduku, zungushia karatasi yenye ukingo ulionyooka kwenye bomba, kingo zikutane, na ufuate mstari huo. Baada ya kukata, ondoa mabaki kwa kisu, ndani na nje, na ulaze ukingo wa nje kidogo. Ncha kali hukwangua gundi kutoka kwenye soketi na kuisukumia ndani, na kiungo hubaki kikavu pale panapohitaji gundi zaidi.

Gundi ya PVC si gundi kwa maana ya kawaida. Huyeyusha nyuso mbili na kuziacha zishikane kuwa kitu kimoja. Ndiyo maana haina nafasi ya kusahihisha. Paka safu nyembamba ndani ya soketi na nzito kidogo juu ya bomba, sukuma huku ukizungusha robo mzunguko, kisha shikilia kwa sekunde 30. Ukiachia mapema, ule mbano wa soketi hulirudisha bomba nje taratibu, nawe umeshaondoka. Futa gundi iliyofurika mara moja, kwa sababu ikikauka huacha alama isiyofunikwa na rangi. Usiimimine: gundi iliyotuama ndani hulainisha ukuta na kuudhoofisha. Praima ya zambarau ilitiwa rangi ili mkaguzi wa mabomba ya maji aione, na kwa samani hiyo ndiyo sababu tosha ya kuikataa. Chukua isiyo na rangi, au kwa kuwa hakuna shinikizo la maji, tumia gundi angavu pekee juu ya uso uliosafishwa. Mvuke wake hushika moto haraka na huumiza kichwa, kwa hiyo madirisha yawe wazi na moto uwe mbali. Mzigo usubiri saa 24.

Mpangilio wa kugundisha una uzito sawa na gundi. Unganisha kwanza fremu mbili za ubavuni, kila moja ikiwa imelala juu ya sakafu iliyo sawa, ili zisijikunje. Tatizo lipo mwishoni: vipande vinne vya 526 lazima viingie kwenye fremu ya pili kwa pamoja, na gundi haisubiri, hasa kukiwa na joto. Bora viungo hivi vinne vya mwisho vishikwe kwa skrubu badala ya gundi. Chimba tundu la milimita 3, kisha ingiza skrubu nene ya milimita 4 yenye urefu wa 12, upande wa chini au wa nyuma usioonekana. Usiingize skrubu bila tundu, PVC hupasuka kwa mstari mrefu. Viungo hivi vya skrubu visukumwe hadi mwisho kwa nyundo ya mpira. Fitingi za samani nyingi hukubali. Zisipokubali, kwangua ncha ya bomba kwa msasa mpaka ikubali. Faida ya ziada ni kwamba stendi itafunguka siku ya kuhama.

Maandishi ya kiwandani hufutwa kwa asetoni juu ya kitambaa cheupe. Pitisha mara chache, geuza kitambaa, basi. Ukisugua muda mrefu uso hunata na kuvuta vumbi. Njia ya pili ni msasa namba 220 wenye maji, ambao pia huzuia vumbi kuruka na huandaa uso kwa rangi. Usizisahau fitingi. Zina herufi zilizochomoza na mstari wa kalibu, na hizo ndizo humsaliti mtu aliyepiga rangi nyeusi ili kazi yake ionekane kama bomba la chuma. Anza na msasa namba 120 hadi herufi zilale, kisha 220.

Rangi iwe ya kupuliza, iliyoandikwa kwamba inashika plastiki. Simama sentimita 25 hadi 30, piga mikono mitatu myepesi. Mkono mmoja mzito hutiririka na hubaki laini chini ya ngozi yake. Rangi ipigwe baada ya kugundisha, kwani rangi iliyoingia ndani ya soketi huzuia gundi kufika kwenye plastiki. Sehemu za skrubu funika kwa utepe. Mahali pamoja rangi haitadumu kamwe: mhimili wa kutundikia nguo, pale henga zinapokwangua kila siku. Hapo tumia bomba la samani lenye rangi ndani yake, au uache nyeupe safi iliyosuguliwa vizuri.

Nje ya nyumba, mambo mawili yanabadilika. Jua hulifanya bomba la kawaida kuwa la manjano na kulipunguzia uvumilivu wa kugongwa, na rangi isiyopitisha mwanga ndiyo kinga yake. Chagua isiyokolea, kwa kuwa rangi nyeusi hunyonya joto na bomba hili halipaswi kubeba mzigo likiwa na zaidi ya nyuzijoto 60. La pili ni kutanuka. Kila mita hurefuka kwa karibu milimita 0.06 kwa kila nyuzijoto moja, kwa hiyo bomba la mita 3 lililofungwa asubuhi yenye ubaridi linaweza kurefuka milimita 5 adhuhuri. Likibanwa kati ya kuta mbili litajikunja kama upinde. Ncha moja iachwe huru ndani ya kishikio.

Kupinda kwa joto kunafungua maumbo ambayo fitingi haziwezi kutoa. Bomba hulainika kupita nyuzijoto 80 hivi. Lijaze mchanga mkavu, ziba ncha, zungusha chini ya bunduki ya joto bila kusimama mahali pamoja, kisha ulaze kwenye kalibu ya plaiwudi na ulipoze kwa kitambaa chenye maji. Mchanga ukiwa na unyevu, mvuke wake huvimbisha bomba. Rangi ikigeuka kahawia, umepita kiasi: plastiki inaoza na kutoa gesi ya asidi. Zima, toka nje, tupa kipande. Kwa sababu hiyohiyo moto wa mkaa au jiko haufai, na hata tanuri la chakula halifai. Kama mkunjo umekaa vibaya, pasha tena; bomba hukumbuka unyoofu wake na hurudi karibu na lilivyokuwa.

Kazi nzuri kuliko zote zinazotokana na plastiki hii, kwa maoni yangu, haina hata kiungo kimoja. Ni taa ya kuchonga kutoka kipande cha bomba la maji taka la milimita 110, kirefu kama sentimita 40. Chora mchoro kwa penseli, toboa sehemu za mwanga mkali kwa biti ndogo za milimita 1 hadi 3, na sehemu za mwanga hafifu zikwanguliwe kwa mashine ndogo ya kuchongea mpaka ukuta upungue bila kutoboka. Mwanga utapita kwa rangi ya maziwa iliyokolea au kufifia kulingana na unene uliobaki. Chagua bomba jeupe, maana la kijivu halipitishi mwanga wa kutosha, na uliangalie dhidi ya tochi kabla ya kununua. Vaa miwani na barakoa, vumbi lake ni jepesi sana. Acha matundu juu na chini ili hewa ipite, na balbu iwe ya LED ya wati chache tu. Balbu ya waya inayowaka huipasha PVC mpaka ilainike, na mchoro wa siku tatu huinama kabla ya usiku kuisha.